Watoto wa Wakubwa na Watoto wa Wadogo Katika Shule Zetu

Wazazi wa Dumila hutuuliza sisi walimu swali moja mara kwa mara, hasa vijana wanaporudi likizo kutoka vyuoni. Huuliza: kwa nini vijana wetu wakifika chuo kikuu hujitenga makundi mawili, wale waliosoma shule za kulipia upande huu, na wale waliosoma shule za kata upande ule? Hawa huketi mbele na kusema, wale huketi nyuma na kunyamaza. Hawa huchekeana kwa Kiingereza, wale huogopa kufungua kinywa. Je, chuo ndicho kinachowagawa?

Jibu letu ni kwamba chuo hakiwagawi. Vijana hufika huko wamekwisha kugawanyika, kila mmoja amechukua fungu lake nyumbani pamoja na sanduku lake. Mgawanyiko huo una historia ndefu, na ndiyo tunayotaka kuisimulia. Sisi tunaokaa hapa, penye njia ya Dodoma inapoachana na njia ya Kilosa, tunajua habari za mito. Mafuriko ya Januari 2014 yalipoikata barabara kuu hapa Dumila, maji yale hayakuanzia darajani. Yalianzia huko juu milimani. Basi na tupande juu tukatazame chemchemi.

Kwanza msomaji akumbuke jambo ambalo wengi wamelisahau. Shule za misheni katika nchi hizi hazikuanza na watoto wa wakubwa. Zilianza na watumwa. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Dk. Steere wa misheni ya UMCA walipofika Unguja, Sultani aliwapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao watano ndio waliokuwa wanafunzi wao wa kwanza. Mmoja wao, John Swedi, baadaye alipata kuwa shemasi. Shule yao ikakua hata ikawa chuo cha Kiungani, na humo alisoma Cecil Majaliwa, naye pia mtoto aliyetolewa katika utumwa. Akapewa upadre mwaka 1890.

Huku bara mambo yalikuwa hayo hayo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walijenga Bagamoyo mwaka 1868, wakaweka kijiji cha watu waliokombolewa. Mwaka 1877 wakapanda hata Mhonda katika milima ya Nguu, wala hawakuja peke yao; walikuja na jamaa za Wakristo kutoka Bagamoyo, waume na wake ambao jana yake walikuwa bidhaa sokoni. Karibu na mwaka 1880 wamisionari wa CMS nao wakakaa Mamboya katika Ukaguru. Mhonda na Mamboya zote mbili ni jirani zetu, na wengi wanaosoma gazeti hili wana babu au bibi aliyejifunza herufi zake za kwanza mahali hapo.

Wenye ukoo waliziona shule hizo kuwa makao ya watu wasio na kwao. Katika nchi nyingi za Afrika, mtawala alipoombwa atoe mtoto wa kusoma alimtoa mtoto wa mtumwa wake, akamficha wake mwenyewe. Hakujua kwamba anamtoa aliye mdogo aende akawe mkubwa. Maana miaka haikuwa mingi, yule asiye na ukoo akawa ndiye asomaye barua ya serikali, na mwenye ukoo akawa hana budi kumwita barazani amsomee.

Wadachi walipoitawala nchi walihitaji makarani na maakida wanaojua kuandika, kwa hiyo wakafungua shule ya serikali Tanga katika miaka ya 1890. Hapo kalamu ikaanza kuwa njia ya cheo na mshahara. Na jambo lolote likiisha kuwa njia ya cheo, wakubwa hawawaachii wadogo tena.

Walipokuja Waingereza jambo hilo likawekwa wazi. Serikali yao ilitawala kwa kuwatumia watawala wa kienyeji, basi ikaona yafaa wana wa watawala hao wafundishwe. Mwaka 1925 ikafunguliwa shule ya Tabora, nayo mwanzo wake ilikuwa kwa ajili ya wana wa watemi na wakubwa wengine. Wavulana walikaa mabwenini, wakawa na viranja wao na michezo yao, kwa mfano wa shule kubwa za Uingereza. Wakati huo huo mtoto wa mkulima alikuwa akijifunza katika shule ndogo ya misheni chini ya paa la nyasi, mwalimu mmoja na ubao mmoja, na wengi hawakupita darasa la pili au la nne.

Hapa yatupasa kusimama kidogo, tuzitazame hizo shule za Uingereza zilizoigwa, kwa maana habari yake ina fundisho kubwa. Shule iliyo mashuhuri kuliko zote kati ya hizo ni Eton. Waingereza huziita shule za namna hiyo kwa jina ambalo maana yake ni shule za watu wote. Mtu asiyejua atadhani kwamba ni shule za bure za serikali. La, ni shule za ada kubwa sana, na wanaosoma humo kwa kawaida ni wana wa matajiri. Lakini jina lile halikutungwa kwa uongo. Mfalme Henry wa Sita alipoianzisha Eton mwaka 1440, aliweka nafasi kwa wavulana maskini 70 wafundishwe bila malipo. Matajiri wakaona kwamba mafundisho ya hapo ni mazuri, wakaomba wana wao waruhusiwe kusoma pia kwa kulipa. Wakaruhusiwa. Wakaongezeka mwaka kwa mwaka, hata wale 70 wakamezwa katikati yao, na shule ya maskini ikawa shule ya mabwana. Hakuna aliyeamka asubuhi akasema, leo tunawafukuza maskini. Maji yalifuata mkondo tu.

Tunamwomba msomaji alishike neno hilo mpaka mwisho wa habari hii. Shule njema haikai mahali ilipowekwa. Huteremka polepole kuelekea kwa mwenye mali na mwenye cheo, kama maji yanavyoteremka bondeni, isipokuwa pawepo mtu wa kujenga kingo na kuzilinda.

Kingo moja iliyojengwa Tabora ilikuwa mtihani. Haikupita miaka mingi mlango ukaanza kufunguliwa kwa akili, siyo kwa ukoo peke yake. Julius Nyerere, aliyeingia Tabora mwaka 1937, alikuwa mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Lakini karibu naye walikuwako wavulana ambao baba zao hawakuwa na kiti wala fimbo ya utawala. Kutoka Tabora alikwenda Makerere, akasoma huko tangu 1943 hata 1945. Wakati ule Makerere ilikuwa ndiyo kilele cha elimu kwa Waafrika wa nchi hizi zote, nao waliofika huko kutoka Tanganyika walikuwa wachache mno.

Walakini ukuta mkubwa kuliko ukoo ulikuwa rangi. Watoto wa Wazungu walikuwa na shule zao, Wahindi zao, na Waafrika zao, na fedha iliyotumika kwa mtoto mmoja haikuwa sawa na iliyotumika kwa mwingine. Ukuta huo haukubomolewa kwa sheria mpaka mwaka 1962, nchi ilipokwisha kuwa huru. Na hata karibu na mwisho wa utawala wa Waingereza, desturi ya kuwafundisha wakubwa ilikuwa bado ipo. Mwaka 1953 serikali ilifungua Mzumbe, hapa mkoani Morogoro, shule ya kuwafundisha watawala wa kienyeji, makarani wao na madiwani. Mzumbe hiyo tutaitaja tena mbele.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, viongozi walifanya mambo mengi kwa haraka. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule chuo kikuu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria. Mwaka 1963 cheo cha utemi kilikoma kuwa cheo cha serikali. Mwaka 1964 ada ya shule za sekondari za serikali ikaondolewa. Mtu angeweza kusema, basi, sasa wakubwa na wadogo wamekwisha.

Lakini hawakuwa wamekwisha. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu na wa vyuo vingine waliandamana hata Ikulu kupinga amri ya kulitumikia taifa katika jeshi la kujenga taifa, ambamo kwa muda wangepokea sehemu tu ya mshahara wa kazi zao. Rais Nyerere aliwasikiliza, kisha akawaambia kwa hasira kwamba mishahara ya wasomi ni mikubwa mno, pamoja na wake mwenyewe. Papo hapo akapunguza wake kwa sehemu moja katika tano, na wanafunzi karibu 400 akawarudisha makwao. Wengi wao walipokelewa tena baadaye.

Tufikiri juu ya vijana wale. Wengi hawakuwa wana wa matajiri. Walikuwa watoto wa wakulima na wafugaji, watoto wa nyumba za udongo kama zetu. Hawakupata ukubwa kwa baba zao, waliupata darasani. Hapo nchi ilijifunza kwamba elimu yenyewe inaweza kuzaa tabaka jipya, hata pale ambapo hakuna mtemi wala tajiri. Miezi mitano baadaye, Machi 1967, Nyerere akatoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, akataka shule ziwe na mashamba na wanafunzi wafanye kazi za mikono, wasijione kuwa wageni katika nchi ya wazazi wao.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na shule za misheni zikatwaliwa na serikali, isipokuwa seminari zilizoachiwa makanisa kwa ajili ya kuandaa watumishi wake. Mjini Morogoro, Marian College, shule ya wasichana iliyoanzishwa na masista wa Maryknoll, ikawa shule ya serikali na kuitwa Kilakala. Jambo hilo liliwauma Wakristo wengi, nasi hatusemi kwamba maumivu yale hayakuwa na sababu, maana walikuwa wamezijenga shule hizo kwa jasho na sadaka. Lakini yatupasa kusema pia kwamba Waislamu na Wakristo, matajiri na maskini, tangu hapo waliingia kwa mlango mmoja.

Katika miaka iliyofuata serikali ilitoa nafasi za sekondari kwa hesabu ya mikoa, ili mikoa iliyokuwa na shule nyingi tangu zamani isizile nafasi zote. Wanafunzi wengi walipelekwa mbali na kwao. Mtoto wa Ukaguru aliweza kulala kitanda cha chini, na mtoto wa afisa wa Dar es Salaam kitanda cha juu yake. Wakala ugali na maharage ya sufuria moja, wakalima shamba moja la shule, wakaadhibiwa na mwalimu mmoja. Wazee waliosoma nyakati hizo hutuambia kwamba walipofika chuo kikuu waliulizana mikoa yao, wala hawakuulizana baba zao walilipa ada kiasi gani. Walikuwa wamekwisha kuzoeana mabwenini tangu wakiwa na miaka 14 au 15.

Msomaji asituelewe vibaya, akadhani tunausifu wakati huo bila kipimo. Usawa ule ulikuwa wa wachache. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilijitahidi kuwaingiza watoto wote katika shule za msingi, na ilikuwa kazi kubwa yenye heshima. Lakini sekondari zilibaki chache. Watoto wengi mno wa vijiji vyetu walimaliza darasa la saba wakarudi shambani, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa kiti.

Ndipo wazazi wa sehemu mbalimbali, hasa Kilimanjaro, wakaanza kujenga shule zao wenyewe kwa michango, na Jumuiya ya Wazazi nayo ikafungua zake. Na hapa pana jambo la ajabu ambalo vijana wa leo hawalijui. Katika miaka ya 1970 na ya 1980, shule ya kulipia haikuwa fahari. Ilikuwa kimbilio la mtoto ambaye serikali haikumchagua. Aliyechaguliwa kwenda Mzumbe, Kilakala au Tabora alitembea kichwa juu, na aliyelipiwa na baba yake alinyamaza akiulizwa anasoma wapi. Kumbe dharau haina makao ya milele. Kizazi kimoja humdharau asomaye kwa kulipa, kizazi cha pili humdharau asomaye bila kulipa, na sababu ya dharau zote mbili ni hafifu kama buibui.

Mambo yaligeuka katika miaka ya 1990. Serikali haikuwa tena na fedha za kutosha, wazazi wakatakiwa kuchangia, na milango ikafunguliwa kwa watu binafsi na makanisa kuanzisha shule. Mwaka 1992 makanisa na serikali walitia sahihi mapatano juu ya huduma za elimu na afya. Zikazaliwa shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Zikazaliwa sekondari nyingi za makanisa, zenye nidhamu na walimu wa kutosha, na ufaulu wake ukawa mzuri sana. Vyuo vikuu vya makanisa navyo vikafuata.

Upande wa pili, kuanzia mwaka 2004, serikali na wananchi walijenga sekondari katika kata kwa bidii ambayo haijapata kuonekana. Sisi wa Dumila tunakumbuka mawe, mchanga na michango. Nafasi zikapatikana. Lakini nyumba ilitangulia, mwalimu akachelewa. Shule nyingi zilikosa walimu wa hesabu na sayansi, vitabu na maabara. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, yalipotangazwa mara ya kwanza mwezi wa Februari 2013, yaliitikisa nchi: karibu watahiniwa 60 katika kila 100 walipata sifuri. Serikali iliunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Mwaka 2016 ada ya sekondari za serikali iliondolewa hata kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa katika kidato cha tano na cha sita. Hayo ni mambo mema, nasi tunayashukuru.

Sasa msomaji aone tulipofika. Katika nyakati za bweni moja, watoto wa wakubwa na watoto wa wadogo, ijapokuwa walikuwa wachache, walikutana mapema. Leo wanaosoma ni wengi, lakini njia zao huachana wakiwa na miaka sita. Mmoja hupandishwa gari la shule asubuhi, mwingine hutembea kwa miguu kandokando ya barabara hiyo hiyo na kupigwa vumbi la gari lile. Huyu hufundishwa kwa Kiingereza miaka saba. Yule hufundishwa kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza huamriwa kuacha lugha aliyofikiria kwayo na kushika nyingine. Hawasomi pamoja, hawachezi pamoja, wala hawafahamiani majina. Mara ya kwanza wanapoketi katika benchi moja ni chuo kikuu, nao wamekwisha kuwa watu wazima wenye miaka 20. Je, ni ajabu wakitazamana kama wageni?

Na huko chuoni historia hiyo hupimwa kwa karatasi. Bodi ya Mikopo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, hutafuta kujua ni nani aliye mhitaji kweli. Katika kupima, imekuwa ikitazama pia shule ambayo mwombaji alisoma na ada iliyolipwa. Nia yake ni njema, maana si haki fedha ya maskini iende kwa mwenye uwezo. Lakini wapo watoto wa wajane waliosomeshwa na padre, na mchungaji, au na wafadhili wa mbali. Hao huonekana katika karatasi kama watoto wa matajiri, hata walete ushahidi. Na wapo watoto wa wafanya biashara wakubwa waliohamishiwa shule za serikali zilizo bora kwa ajili ya masomo ya mwisho. Jina la shule si kipimo kamili cha mfuko wa baba. Kwa sababu hiyo twawasihi wazazi wa watoto waliofadhiliwa watunze barua zote za wafadhili tangu kidato cha kwanza, wala wasingoje siku ya kuomba mkopo ndipo waanze kuzitafuta.

Twarudi sasa kwenye neno lile tulilowaomba mlishike. Misheni ilianza na watumwa watano. Leo ada ya mwaka katika sekondari nyingi za bweni zisizo za serikali, na za makanisa zimo, hupita shilingi milioni moja, na nyingine hupita mara mbili au tatu ya hiyo. Mkulima wa mahindi wa Dumila na ahesabu magunia yake mwenyewe. Huyo mkulima ndiye anayetoa sadaka ya mavuno, na katika sadaka hiyo zimo tofali za shule ambayo mwanawe hawezi kuingia. Hatusemi kwamba wakuu wa shule hizo ni watu wabaya. Mwalimu sharti alipwe, chakula sharti kinunuliwe, na msaada wa nchi za nje umepungua. Hakuna aliyeamka asubuhi akasema, leo tunawafukuza maskini. Lakini ndivyo ilivyokuwa kwa Eton.

Mtume Yakobo aliwaonya Wakristo wa kwanza juu ya jambo hili hili. Aliwaona wakimwonyesha kiti kizuri mtu mwenye pete ya dhahabu aliyeingia kusanyikoni mwao, na maskini wakimwacha asimame. Onyo lile lilikuwa juu ya viti, na shauri la shule nalo ni shauri la viti: nani atakaa, nani atasimama, na nani atabaki nje ya mlango.

Tufanye nini, basi? Sisi twaona mambo matatu, nayo hayapiti uwezo wa watu wa vijijini.

La kwanza, Wakristo wenyewe waulize. Kila usharika na kila parokia ina wajumbe wake katika mikutano ya jimbo au dayosisi. Wajumbe hao waulize kwa adabu, shule zetu zimetenga viti vingapi kwa watoto wa maskini, na viti hivyo vinalindwa kwa kanuni gani? Wema usioandikwa husahauliwa mkuu wa shule akibadilika. Viti vikiandikwa katika katiba ya shule, vikahesabiwa kila mwaka mbele ya watu, hapo ndipo kingo zimejengwa.

La pili, tusiiache shule ya kata kama mtoto wa kambo. Ubaya wa shule ya kulipia si kwamba inafundisha vizuri. Ubaya huja pale ambapo wenye sauti kijijini wakiisha kuwapeleka watoto wao huko, hawahudhurii tena mkutano wa shule ya kata. Diwani, mfanya biashara, mwinjilisti na hata mwalimu, ijapokuwa mwanao anasoma mbali, shule ya kata ni yako. Mwalimu mgeni akipata nyumba njema atakaa. Watoto wakipata chakula cha mchana kutokana na mahindi yetu wenyewe, watasikia somo la jioni. Na kijana aliyerudi likizo kutoka chuoni akikubali kuwafundisha wadogo zake hesabu na Kiingereza, atakuwa amelipa deni lililo kubwa kuliko la Bodi.

La tatu ni neno kwa vijana wenyewe walioko vyuoni, huko Sokoine, Mzumbe na kwingineko. Wewe uliyesoma shule ya kulipia, Kiingereza chako ni zawadi ya ada ya wazazi wako. Usikifanye fimbo ya kumpigia mwenzako. Wewe uliyesoma shule ya kata, usidhani kwamba aliyenyamaza hana akili, wala usimchukie mwenzako kwa kosa la kulipiwa. Ulifika hapo kwa njia yenye miiba zaidi, na miguu iliyozoea miiba hutembea mbali. Someni pamoja, mmoja atoe lugha, mwingine atoe uvumilivu. Sokoine, ambaye chuo kile cha kilimo kilipewa jina lake mwaka 1984, alikufa kwa ajali tarehe 12 Aprili ya mwaka huo katika barabara hii hii yetu, penye Dakawa. Naye alikuwa mtoto wa wafugaji wa Monduli aliyefika kuwa Waziri Mkuu.

Na Mzumbe, ile iliyofunguliwa kwa ajili ya watemi na makarani wao, tangu mwaka 2001 ni chuo kikuu. Katika madarasa yake huketi leo mabinti wa wakulima wa nyanya na wana wa wafugaji, ambao babu zao hawakuitwa barazani isipokuwa kulipa kodi. Kama shule huweza kuteremka kutoka kwa maskini kwenda kwa matajiri, yaonekana huweza pia kupandishwa irudi. Lakini haipandi yenyewe. Hupandishwa na watu wanaohudhuria mikutano, wanaouliza maswali, na wanaohesabu viti.

Basi mwaka huu mkutano wa shule utakapoitwa, na twende.